Bastola Bora na Nia ya Mwenye Kuinunua

Mtu aliyekwisha azimia kujifunza kulenga shabaha kwa bastola, naye ana uwezo wa kununua kilicho ghali, hakawii kuuliza swali ambalo wenziwe wa uwanjani wameliuliza kabla yake: katika bastola za daraja ya juu zinazotengenezwa leo, ni ipi iliyo bora ya kushindania, na je, hiyo hiyo moja yaweza kumtosha pia kwa matumizi mengine ya siku zote, kama vile kulinda nyumba usiku au kuchukuliwa kiunoni mchana? Kwa sura yake ya nje swali hili ni la mafundi, na mafundi wana majibu mazuri, nami nitayataja baadhi yake, kwa sababu haifai mtu kutoa hukumu juu ya jambo ambalo hakujishughulisha kulijua. Lakini ndani ya swali la fundi limo swali la pili, ambalo fundi hana mizani ya kulipimia, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: je, yajuzu kwa mwenye kumcha Mungu kuutafuta ukamilifu wa chombo ambacho kazi yake ya asili ni kudhuru, kukipenda kwa uzuri wake na kukitolea mali nyingi, na ikiwa yajuzu, ni kwa nia gani na kwa mpaka gani?

Wala swali hili haliko mbali nasi. Kenya wako watu wenye vyeti vya kumiliki bastola kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na miongoni mwao wapo wanaoshindana viwanjani. Na jamaa zetu waliohamia Marekani wanaishi katika miji ambayo bastola huuzwa madukani mchana kweupe, hata kijana aliyelelewa Mombasa au Tanga katika nyumba ambayo silaha iliyojulikana ilikuwa panga la shambani hujikuta mbele ya kabati la kioo, muuzaji akimwuliza kwa upole anataka ipi.

Natwaa bastola moja iwe mfano, kwa kuwa maneno ya jumla juu ya silaha humpoteza msomaji. Katika mji wa Uherský Brod, ulio Moravia katika nchi ya Ucheki, kuna kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1936, wakati Chekoslovakia ilipokuwa ikiviweka viwanda vyake vya silaha mbali na mpaka wa Ujerumani. Huko ndiko ilikotengenezwa bastola iitwayo CZ 75, iliyobuniwa na František Koucký, fundi ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na nduguye Josef. Na katika ukoo wa bastola hiyo kimezaliwa chombo kiitwacho Shadow 2, kinachoonekana leo mikononi mwa washindani wengi wa dunia. Ukiishika, jambo la kwanza utakalolihisi ni uzito, maana kiunzi chake ni cha chuma cha pua, na bastola nzima isiyo na risasi hupita kilo moja na robo. Jambo la pili ni kwamba slaidi, yaani chuma cha juu kirudicho nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka, hupita ndani ya reli za kiunzi badala ya kuzikumbatia kwa nje, kama ilivyo katika SIG P210 iliyopokewa na jeshi la Uswisi mwaka 1949. Na kwa sababu hiyo mkono hukaa juu, karibu na mstari wa mtutu, hata bastola inapolia kishindo chake hukisukuma kiganja nyuma zaidi kuliko kuuinua mdomo wa mtutu, na jicho hukiona kile chuma cha kulengea cha mbele kikirejea mahali pake upesi, tayari kwa risasi ya pili. Jambo la tatu ni kifyatuo: kidole hukivuta bila kukwaruza, hukutana na ukinzani mahali pamoja panapojulikana, kisha nyundo huanguka kabla mkono haujapata wasaa wa kutetemeka.

Ulaini huu wa kifyatuo una asili yake, nayo ni ya maana sana katika hoja yangu. Bastola nyingi za zama hizi zina kizuizi kidogo cha chuma kinachoishika pini ya kufyatulia isisogee mpaka kifyatuo kivutwe, ili chombo kikianguka sakafuni risasi isitoke yenyewe. Kizuizi hicho humlinda mwenye kuichukua bastola kiunoni, walakini huongeza msuguano katika kifyatuo, na mshindani huuona msuguano huo kuwa adui. Basi katika Shadow 2 kizuizi hicho hakimo. Waliitengeneza kwa ajili ya uwanja wa mashindano, ambako bastola haijazwi risasi ila kwa amri na mbele ya msimamizi. Kwa upande mwingine iko Glock 17, iliyobuniwa na Gaston Glock na kupokewa na jeshi la Austria mwaka 1982, yenye kiunzi cha plastiki, uzito usiofika robo tatu ya kilo ikiwa tupu, na vizuizi vitatu vya ndani vinavyoachia kimoja baada ya kingine kidole kinapovuta. Kifyatuo chake hakisifiwi kwa ulaini, lakini majeshi na polisi wa nchi nyingi wameiamini, na bei yake haifiki nusu ya bei ya nyingi katika zile za fahari.

Mnunuzi akiyajua haya mawili amepata nusu ya jibu lake kutoka katika chuma chenyewe. Kilichokamilika kwa kusudi moja kimepungua kwa kusudi la pili, na upungufu huo si kasoro ya fundi, maana fundi alijua alitendalo. Ni dalili kwamba makusudi ni mawili, na kwamba mtu anayetaka chombo kimoja kiyatumikie yote mawili kwa ukamilifu hajaamua bado anataka nini. Fundi amelazimika kuchagua, naye mnunuzi hana budi kuchagua kama alivyochagua fundi, ila uchaguzi wake hauishii mkononi, bali huingia moyoni.

Wahenga wa Uyunani waliutumia mfano wa mlenga shabaha walipotaka kusema juu ya uchaguzi wa moyo. Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili, aliwalinganisha watu watafutao kheri kuu na wapiga mishale wenye shabaha mbele yao, kwa kuwa ajuaye alengacho hupata kilicho haki kwa wepesi kuliko asiyejua. Baada yake Wastoiki walilisogeza jambo hili mbele kwa namna ambayo mimi naiona kuwa na kina zaidi, na Cicero ametuhifadhia mawazo yao katika kitabu cha tatu cha mjadala wake juu ya mwisho wa mambo mema na maovu. Mpiga mshale, walisema, hufanya kila lililo katika uwezo wake ili apate shabaha: huchagua upinde, hunyosha mkono, hutuliza pumzi, huachia kamba kwa wakati wake, lakini mshale ukishatoka, upepo si wake, na shabaha ikisogea si hatia yake. Kwa hiyo kupata shabaha ni jambo la kutamaniwa, ilhali jambo la kukusudiwa kwa hakika ni kulenga vyema. Aliyelenga kwa ustadi akakosa kwa ajili ya upepo ametimiza wajibu wake. Aliyelenga ovyo akapata kwa bahati hakutimiza kitu.

Mwislamu hawezi kuyasikia maneno hayo asikumbuke kwamba katika dini yake pia matendo hupimwa kwa nia, na kwamba hadithi iliyowekwa mwanzoni kabisa mwa mkusanyiko wa Bukhari ni ile ya nia. Na juu ya mchezo wa silaha wenyewe dini haikunyamaza. Imepokewa kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Mtume akamwacha bibi Aisha awatazame mpaka yeye mwenyewe akinai. Imepokewa pia kwamba zawadi ya mashindano imehalalishwa katika mambo matatu, mshale, ngamia na farasi, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameipima bunduki kwa mshale. Na Ibn al-Qayyim aliandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi na utupaji mishale na adabu zake. Basi anayesema kwamba mcha Mungu hana njia ya kuingia uwanja wa shabaha amesema asilokuwa na hoja nalo.

Lakini pamoja na ruhusa umewekwa mpaka, na mpaka huo nauona wazi katika kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Ibn Umar aliwapitia vijana waliomfunga kuku, wakamfanya shabaha ya mishale yao, nao walipatana na mwenye kuku kwamba kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona walitawanyika, naye akauliza ni nani aliyefanya hivi, akawaeleza kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Tazama kwamba kuku yule alikuwa halali kuchinjwa na kuliwa, na mishale ile ilikuwa halali kurushwa, na mwenye mali alikwisha ridhika. Kilichokatazwa ni kuifanya roho kuwa kitu cha kupimia ustadi.

Nami nimestaajabu, nilipozisoma kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, liitwalo IPSC, lililoasisiwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, kuona jinsi watu waliokuja kutoka njia nyingine kabisa walivyofika karibu na mpaka huo huo. Zamani shabaha yao ya karatasi ilikuwa na kiwiliwili na kichwa cha binadamu. Baadaye wakatengeneza nyingine isiyo na kichwa, yenye pembe nane, na nchi nyingi huitumia hiyo peke yake. Tena baina ya shabaha za kupigwa huwekwa nyingine ambazo ni haramu kupigwa, na mshindani anayezigusa kwa risasi hupokonywa pointi 10, wakati risasi iliyo bora kabisa humletea pointi 5 tu. Maana yake ni kwamba katika hesabu yao kumdhuru asiyehusika hakufidiwi hata kwa kupata vyema mara moja. Sijui kanuni ya mchezo mwingine iliyo na haki kuliko hiyo.

Na adabu ya uwanja wao inastahili kuelezwa kwa ukaribu, kwa maana asiyeiona hudhani ni mahali pa fujo. Mshindani hufika akiwa na bastola tupu, ama imo ndani ya mfuko wake au imo katika ala kiunoni, na hana ruhusa ya kuigusa ila katika eneo maalumu la usalama, ambako kugusa risasi ni marufuku, au mbele ya msimamizi aliyemwita kwa zamu yake. Amri hutolewa: ajiandae, huulizwa kama yu tayari, huambiwa angoje, kisha saa ndogo mkononi mwa msimamizi hulia. Hapo hukimbia kutoka kituo hadi kituo, akipiga na kujaza upya, na pointi zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia, maana kauli mbiu ya shirikisho lao, iliyowekwa kwa Kilatini, hutaka mambo matatu pamoja, usahihi na nguvu na wepesi. Akimaliza, haruhusiwi kuondoka hivi hivi. Huitoa magazini, huonyesha kwamba chumba cha risasi ni kitupu, huelekeza mtutu kwenye kilima cha mchanga na kuiangusha nyundo, huirudisha bastola katika ala, na hapo tu msimamizi hutangaza kwamba uwanja uko salama. Mtutu ukigeuka kupita nyuzi 90, au bastola ikimponyoka ikaanguka, ingawa ni tupu, au risasi ikitoka pasipo kukusudiwa, siku yake imekwisha. Hapokewi udhuru, hata awe bingwa wa taifa, na aghalabu mwenyewe hukubali na kufunga mzigo wake kimya.

Jeff Cooper, Mmarekani aliyekuwa rais wa kwanza wa shirikisho hilo, alizifupisha adabu hizi katika kanuni nne ambazo kila mwanafunzi hufundishwa: kuihesabu kila silaha kuwa imejazwa, kutouelekeza mtutu kwa kitu usichokuwa radhi kukiangamiza, kutoweka kidole katika kifyatuo mpaka umelenga, na kuijua shabaha yako na kilicho nyuma yake. Sasa yaweke haya kando ya hadithi zilizopokewa miaka zaidi ya 1,300 kabla yake: kwamba asimwelekezee mmoja wenu nduguye silaha, kwani hajui, huenda Shetani akauvuta mkono wake; kwamba mwenye kumwelekezea nduguye chuma hulaaniwa na malaika, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama; kwamba upanga usipewe mtu ukiwa umefutwa katika ala; na kwamba apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake. Cooper hakunakili vitabu vya Madina, wala vitabu vya Madina havikumtabiri yeye. Wote wamekiri jambo moja, kwamba mkono wa mwanadamu ni dhaifu kuliko nia yake, na kwamba nia njema bila adabu haizuii risasi.

Sasa juu ya bei. Wako wachamungu wanaoona kwamba kununua bastola ya dola 1,300 au 2,500, wakati iko ya dola 600 ifyatuayo risasi ile ile ya milimita 9, ni israfu iliyo wazi, na israfu ni haramu. Sikubaliani nao kwa jumla. Dini iliyotuamuru kufanya kila jambo kwa ihsani, hata kunoa kisu kabla ya kumchinja mnyama ili asiteseke, haiwezi kukichukia chombo kilichotengenezwa vizuri kwa sababu tu kimetengenezwa vizuri. Na fundi aliyekesha akilainisha kipande cha chuma kisichoonekana na mtu anastahili ujira wake. Israfu huanza pale mali inapokwenda mahali ambapo haimsaidii mtu kufanya alichokusudia. Piga hesabu: mshindani anayefyatua risasi 200 kila juma kwa majuma 50 amefyatua risasi 10,000 kwa mwaka, na risasi moja ikiwa ni senti 25 za dola, ametoa dola 2,500, sawa na bei ya ile bastola iliyo ghali zaidi. Basi anayetoa mali yote katika bastola akabaki hana cha kununulia risasi za kujifunzia amenunua sifa. Naye anayenunua ya pili na ya tatu kwa kuwa mwenziwe amenunua, hilo ni la ghururi, na dawa yake haimo katika orodha ya bei.

Kwamba chombo hakimfanyi mtu bingwa kuna ushahidi wa kutosha, nami nitataja mmoja tu ambao hunigusa sana. Károly Takács alikuwa askari wa Hungaria na mlenga shabaha mashuhuri, na mwaka 1938 guruneti lililipuka katika mkono wake wa kulia, mkono aliolengea, likauharibu. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, na katika Olimpiki ya London mwaka 1948 akapata dhahabu katika bastola ya kufyatua kwa upesi, akaipata tena Helsinki mwaka 1952. Hakuna duka liuzalo alichokuwa nacho. Hata Yusuf Dikeç wa Uturuki, ambaye dunia ilimshangaa Paris mwaka 2024 alipopata fedha katika bastola ya hewa ya mita 10 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, amesimama na miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni, hakutumia bastola duni. Bastola yake ilikuwa ya mashindano kama za wenziwe. Alichoacha ni mapambo yaliyomzunguka mlengaji, na hapo ndipo mfano wake ulipo.

Nimefika kwenye nusu ya pili ya swali, yaani yale matumizi mengine, nami naliendea kwa hadhari, kwa sababu hapa si karatasi tena iliyo mbele ya mtutu. Dini haikumkataza mtu kujitetea. Aliyeuawa akitetea mali yake au watu wake amehesabiwa shahidi. Lakini mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyosomwa katika darsa za pwani yetu kwa karne nyingi katika vitabu kama Minhaj ya Imamu Nawawi, wameuwekea utetezi huo daraja, ya chini kabla ya ya juu: kama mshambulizi aweza kuzuiwa kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa msaada, ni haramu kumpiga, kama aweza kuzuiwa kwa mkono, ni haramu kumpiga kwa mjeledi, kwa mjeledi, haramu kwa fimbo, na kumkata kiungo au kumwua hakuji mpaka daraja zote za kabla yake zimeshindwa. Fikiri basi ni nini bastola mbele ya ngazi hiyo. Haina daraja ya kwanza wala ya pili. Imetengenezwa kwa ile ya mwisho peke yake, na mwenye kuitegemea kwa kila hatari amezikata daraja za chini kwa mkono wake kabla hatari haijafika. Anayetaka kuichukua hana budi kujizoeza yale mengine, ulimi wa kutuliza, mguu wa kuondoka, subira ya kumeza tusi barabarani, kwa bidii zaidi kuliko anavyojizoeza kufyatua. Nami ninawajua wachache sana wanaozihesabu saa hizo katika mafunzo yao.

Tena liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nchini Marekani mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki na bastola, na katika hao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Anayenunua silaha humfikiria mwizi asiyemjua. Hesabu inatuonyesha kwamba mtu wa kuchungwa zaidi ni mwenye nyumba katika usiku wake wa huzuni, au mwanawe anayejua ufunguo ulipo. Uislamu na Ukristo wote wameifanya roho kuwa amana, hata kwa mwenye kuibeba. Kwa hiyo, nia ya kulinda nyumba haijakamilika ila ikimlinda pia mwenye nyumba na nafsi yake.

Na Wakristo wenye swali hili wana ushahidi wa ajabu katika mji ule ule nilioanza nao. Uherský Brod ni moja ya sehemu tatu za jirani zinazodaiwa kuwa mahali alipozaliwa Jan Amos Komenský mwaka 1592, mwalimu mkuu wa Ulaya na askofu wa Umoja wa Ndugu, jamaa ya Wakristo iliyoanzishwa Kunvald mwaka 1457 na watu waliomfuata Petr Chelčický katika kuukataa upanga hata ulipobebwa kwa jina la imani. Vita vilimfukuza Komenský katika nchi yake, na maandiko yake ya miaka mingi yaliteketea Leszno mwaka 1656. Mwaka 1667 aliandika kitabu cha kuwasihi Waingereza na Waholanzi wapatane. Umoja huo wa Ndugu, uliohuishwa baadaye Herrnhut, ndio uliopeleka wamisionari Rungwe mwaka 1891, na Wamoravia wa Mbeya na Tabora ni watoto wake. Basi mji mmoja unahifadhi makumbusho ya askofu wa amani na kiwanda cha bastola zinazosifiwa dunia nzima, na mkazi wake hupita mbele ya vyote viwili. Sisemi kwamba kimoja kinakibatilisha kingine. Mimi si katika waliokataa kila upanga. Ila mtu akichagua chombo kilichotoka mji huo, haki ni kwamba ajue mji huo ulimlea nani mwingine.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni hii. Mwenye nia ya mashindano na anunue bastola ya mashindano, nzito, laini, ya bei anayoimudu pamoja na risasi za mwaka mzima, akiwa na moyo mweupe, na aiache iwe ya uwanja tu. Asiichukue kiunoni, kwa sababu ya kizuizi kilichoondolewa ndani yake, na kwa sababu mkono uliozoea kupewa pointi kwa upesi haufai kuachiwa uamuzi wa barabarani. Anayeona kwamba maisha yake yana hatari ya kweli inayomjuzia silaha, hilo alipeleke kwanza kwa sheria ya nchi, kwa jamaa wa nyumba yake na kwa Mola wake, kama swali lililo mbali na mchezo; na akijibiwa ndiyo, atwae iliyo nyepesi yenye vizuizi vyake vyote, isiyo na fahari yoyote. Asiyeweza kuzitenga nia hizi mbili bado hajafika wakati wa kununua.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 imemlazimu muuzaji mwenye leseni amkabidhi mnunuzi kifaa cha kuifungia bastola pamoja na bastola yenyewe. Wengi hukiacha ndani ya boksi. Nakusihi wewe uliyenunua, popote ulipo, kitoe leo ukitumie, na ufunguo usikae katika chumba kimoja na risasi.